Injini ya Mwisho ya Norman Raybould

Norman Raybould hakuwahi kumlipa mtu aliguse gari lake. Alilisema hilo kwa majirani, alilisema baa, na ungemwachia nafasi angelisema hata kwa kasisi katikati ya mazishi. Aliingia kiwanda cha injini akiwa na miaka kumi na mitano, akatoka siku milango ilipofungwa kwa mnyororo, na kati ya siku hizo mbili zilipita mikononi mwake injini ambazo hata yeye hakuthubutu kukisia idadi yake. Gari lenyewe lilikuwa Morris la kijivu la mwaka 1963, lenye mgongo wa mviringo na taa mbili za mbele zilizokodoa. Injini yake alikuwa ameifungua na kuifunga mara tatu, zote kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba yao pale Netherton, Uingereza, na mara zote tatu iliwaka mara tu alipozungusha ufunguo.

Sasa ilikuwa inadai mara ya nne. Kila akipanda mlima moshi wa buluu ulimfuata nyuma, na oili ilipungua hata gari likiwa limesimama. Chama cha wenye Morris kilikuwa na matembezi yake Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, magari ishirini yakifuatana mstari mmoja mashambani, na Norman, aliyezoea kuwa wa tatu kutoka mbele, akahamia mkiani ili asimfukize mtu. Aliwaambia wenzake kwamba siku hizi anapenda kwenda taratibu atazame kondoo. Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyesema neno.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni sanduku: unaagiza seti nzima ya vipuri, pistoni na ringi zake, beringi, cheni, pampu ya oili, gasketi zote, mpaka zile klipu ndogo za waya zinazozuia pini ya pistoni isichomoke. Bloku, yaani mwili wa injini, unaipeleka kuchongwa upya, na kinachobaki ni benchi lako, spana zako na wiki kadhaa za maisha yako. Ya pili ni kununua injini iliyokwisha kufungwa na fundi kama Clive Hingley, imepakwa rangi, imewashwa na kusikilizwa, ina dhamana ya mwaka mzima. Unamkabidhi fundi injini yako ya zamani, anakupa iliyo tayari, mnaagana. Hii ya pili ni ghali zaidi, lakini fedha haikuwa tatizo. Norman alikuwa na akiba nzuri, kwani hakuwahi kumlipa mtu aliguse gari lake.

Tatizo lilikuwa mkono wa kulia. Ulianza kutetemeka siku za Pasaka, kidole gumba kwanza, kisha kiganja kizima, na hasa ulipokuwa umepumzika bila kazi. Mwezi wa sita daktari aliutaja ugonjwa kwa jina, akampa vidonge na kijitabu cha maelezo. Vidonge alivimeza. Kijitabu alikificha bandani, chini ya kopo la fyuzi, na mkono akauficha mfukoni, mpaka makoti yake yote yakaanza kulegea upande wa kulia. Hata Doreen, mke wa ndoa ya miaka arobaini na moja, Norman hakumwambia. Akinunua injini ya fundi, watu wote watauliza kulikoni, na jibu watalipata. Akinunua sanduku, huenda akashindwa, na hilo atalijua mwenyewe kila siku mpaka kufa. Alitaka sanduku. Alilitaka kama mtu anavyotaka maji, maana alijua fika kwamba hii ndiyo injini ya mwisho mikono yake itakayoweza kuifunga, kama kweli inaiweza.

Mtu mwingine angemwuliza mkewe. Naye Norman alimwuliza, kwa namna yao.

"Unaonaje, Doreen? Sanduku, au ile ya Clive?"

Doreen alikuwa anamenya viazi. "Mimi? Gari lako hilo."

"Najua ni langu. Nakuuliza tu."

"Fanya unavyoona, mpenzi. Mimi sina neno."

"Hata mimi sina neno. Yote sawa kwangu."

"Basi kama yote sawa..."

"Yote sawa kabisa."

Viazi vikaisha kumenywa. Siku mbili nzima nyumba ile ilikuwa na watu wawili wenye mengi ya kusema, kila mmoja akimhakikishia mwenzake kwamba hana neno. Ungetamani kuwafungia chumbani uondoke na ufunguo.

Alhamisi Norman alipanda basi kwenda kwa Clive Hingley. Gereji ya Clive ilikuwa Old Hill, chini ya daraja la reli, na wenye magari ya zamani walikuja pale kutoka mbali. Clive alikuwa na miaka hamsini na minane na kipara kinachong'aa, lakini kazi hii alifundishwa na Norman mwenyewe kiwandani, zama hizo akiwa na nywele mpaka mabegani, na mbele ya Norman bado alisimama wima kidogo kuliko kawaida.

"Ohoo! Norm! Umekuja kukagua kama nimefagia?"

"Chini ya kompresa hukufagia."

"Kompresa ile haijasogezwa tangu ununue hilo koti. Chai?"

"La, asante, usijisumbue."

"Nusu kikombe tu, bwana. Birika limeshachemka."

"Haya basi, nusu."

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda huko. Ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa, kwa sababu anayekubali papo hapo ni mlafi au amelelewa na mbwa. Mwenyeji anakukaribisha mara ya pili, nawe unakubali shingo upande kana kwamba unamfanyia hisani yeye. Kwa chai utaratibu huu hauna kasoro. Watu wamezaliwa, wameoana na wamezikana kwa utaratibu huu.

Norman alikunywa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa mfukoni. Clive alimwonyesha injini iliyokuwa tayari juu ya stendi, kijani kibichi, safi kama sahani ya kanisani. Norman akainama, akazungusha kranki, ule mhimili wa injini, kwa mkono wa kushoto, akasikiliza. Ilikwenda laini, bila mkwaruzo. Alitafuta kosa kwa dakika kumi na hakuliona, na moyo wake ukafurahi na kuumia kwa pamoja, kwa sababu kazi ile ilikuwa ya kwake, yeye ndiye aliyemfundisha Clive, na haikumhitaji tena.

"Si mbaya," alisema. Kwa watu wa kule hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo, na kipara cha Clive kikawa chekundu.

Clive akapangusa mikono, akatazama pembeni, akatazama lile koti lililolegea upande mmoja. "Sikiliza, Norm. Lile benchi la dirishani liko tupu mpaka mwisho wa mwaka. Kama unataka sanduku, lilete hapa. Ufunge mwenyewe. Nami niko hapa hapa, kama kuna... unajua... kitu kizito cha kunyanyua."

Moyo wa Norman uliruka. Benchi la dirishani, mwanga mzuri, na mtu anayeijua kazi akiwa hatua tatu tu. Kama angekaa chini mwaka mzima kubuni anachokitaka, asingebuni zaidi ya hapo.

"La, la," alisema. "Sitaki kukusumbua. Una kazi zako."

Akasubiri akaribishwe mara ya pili.

Simu ikalia. Clive akaipokea, akasikiliza mtu wa Kidderminster akilalamika habari za kabureta, akasema ndiyo, akasema hapana, akaandika kitu ukutani kwa penseli. Aliporudi uso wake ulikuwa umeshabadilika, umekuwa uso wa dukani. "Basi, kama umeamua," alisema, "nikuwekee hii ya kijani?"

Ilikuwa tayari kwenye ulimi wa Norman kusema, niulize tena. Maneno mawili tu. Lakini miaka sabini na miwili ya malezi ilikaa juu ya ule ulimi.

"Niwekee," alisema.

"Nitatuma gari Alhamisi ijayo. Litaleta hii, lichukue ya zamani."

Norman alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba mambo yamekwisha, ananunua iliyofungwa, ndiyo busara. Doreen akasema vizuri sana. Kisha akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kuitoa injini garini kulimchukua siku tatu, kazi ambayo zamani ilikuwa ya asubuhi moja. Nati kubwa hazikumpa shida. Mkono ukishika spana na kuvuta, ule mtetemo ulitulia, kana kwamba umekumbuka kazi. Vitu vidogo ndivyo vilivyomtesa. Jumanne injini ilikuwa juu ya benchi lake bandani, nyeusi kwa grisi, naye akaanza kuisafisha. Clive angeifumua yote na kuitumbukiza kwenye dawa siku hiyo hiyo, lakini Norman hakuweza kumpelekea mtu injini chafu, kama vile Doreen alivyofagia nyumba kabla mwanamke wa kufagia hajafika.

Akafungua mfuniko wa cheni ili apanguse ndani. Na nyuma ya cheni, kwenye sahani ya chuma iliyofungwa hapo, akaziona alama zake.

Kiwandani ilikuwa marufuku fundi kugonga alama yake ndani ya injini, na kwa hiyo kila fundi aliigonga. Kila mmoja alikuwa na vyuma vyake vidogo vya herufi, unakiweka kimoja juu ya sahani, unagonga nyundo mara moja, herufi inabaki humo mpaka chuma kife. Hakuna mteja aliyewahi kuziona. Ziliwekwa kwa ajili ya fundi mwingine atakayefungua siku moja, ajue ni nani aliyetangulia. Na hapa zilikuwa tatu, zimepangana kama watoto wa shule: NR 74. NR 89. NR 03. Pembeni ya ile ya kwanza palikuwa na herufi D, imelala chali. Siku hiyo Doreen, aliyekuwa ameolewa mwaka mmoja tu, alishika taa saa nzima na mwisho akasema naye anataka kugonga, na akajigonga kidole. Chini ya ile ya mwaka 2003 palikuwa na nafasi. Norman alikuwa ameiacha makusudi.

Alisimama akitazama ile nafasi. Kesho kutwa sahani hii itapakiwa kwenye gari, na pamoja na alama zake mwenyewe itaondoka na ile D ya Doreen.

Akageuka akashusha kopo la vipuri vya zamani, akatoa pistoni moja, pini yake na klipu moja. Jambo hili alikuwa amelikwepa tangu Pasaka. Klipu ni kipande cha waya kisichozidi ukucha. Unaibana kwa koleo jembamba, unaiingiza kwenye mfereji wake, inasema tik. Alikwisha kuingiza maelfu, nyingine akiwa anasimulia kichekesho. Akaibana. Koleo likaanza kucheza. Akashusha pumzi, akasogea, na klipu ikaruka, ikagonga kioo cha dirisha, ikapotelea chini ya benchi. Akatoa ya pili. Ikaruka. Ya tatu hakuweza hata kuibana.

"Shetani wewe!" aliuambia mkono wake kwa sauti.

Doreen alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Haikujulikana amesimama pale tangu saa ngapi. Alikiweka kikombe juu ya benchi, na Norman, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, akakitazama. Chai ilifika nusu tu. Akakumbuka kikombe cha asubuhi, cha jana, cha wiki iliyopita. Muda wote huo alidhani ni kubana matumizi.

"Tangu lini unanijazia nusu?"

Doreen akaufuta mkono wake kwenye aproni, ingawa ulikuwa mkavu. "Tangu Pasaka."

"Ulijua."

"Norman, nalala kando yako. Kitanda kinatetemeka kama basi la Dudley."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniambia wewe? Nilikisoma kile kijitabu. Chini ya fyuzi, eti! Nani anaficha kitu chini ya fyuzi kwenye nyumba yenye taa mbovu kama hii?" Sauti yake ilikuwa ya kugombana, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilikuwa nangoja useme. Nimengoja mpaka nimechoka."

Norman alikaa juu ya kigoda. Akautoa mkono mfukoni, maana ulikuwa umesharudi humo wenyewe, akauweka juu ya goti pale Doreen anapouona, akauacha ucheze.

"Siitaki ile ya kijani," alisema. "Nataka kuifunga hii. Mara moja tu tena. Na naogopa siwezi."

Lilikuwa jambo refu kuliko yote aliyowahi kusema kuhusu nafsi yake, na baada ya kulisema alitazama sakafu kama mtu aliyevua nguo.

"Basi mwambie Clive," alisema Doreen.

"Clive alishanipa benchi. Alisema nikafungie kwake."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sitaki kumsumbua."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Naye hakurudia?"

"Simu ililia."

Doreen alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akicheka na kulia kwa pamoja, akishikilia ukingo wa benchi. "Simu! Injini nzima! Umeiachia injini yako kwa sababu mtu wa watu alipokea simu! Wewe utakufa na tai shingoni, Norman Raybould, na hata hiyo tai utawaambia watu wasijisumbue kukufungia!"

Asubuhi ya Jumatano Doreen alimpeleka Old Hill kwa gari lake dogo, akabaki ndani ya gari akijifanya anasoma gazeti. Norman aliingia. Clive alikuwa ameinamia gari la mteja, akainua kichwa.

"Norm! Nilisema Alhamisi. Chai?"

"Ngoja kwanza," alisema Norman. Akaenda mpaka kwenye lile benchi la dirishani, akautoa mkono wa kulia mfukoni, akaulaza juu ya mbao. Ukaanza kugonga, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. "Huu ndio mkono nilio nao. Daktari anasema hautapona. Klipu siwezi. Vipimo naweza, beringi naweza, na nikishika spana unatulia. Nataka hili benchi, Clive. Ulinipa nikasema hapana, na nilikuwa naongopa. Nalitaka."

Clive alivua miwani, akaipangusa kwa kitambaa chenye oili, ikawa mbaya kuliko mwanzo, akaivaa hivyo hivyo.

"Wiki nzima sijalala vizuri," alisema. "Mke wangu kanisema mpaka basi. Kwa nini hukumwuliza tena, ananiambia, huyo ndiye aliyekufundisha kazi. Nikamwambia niliogopa utadhani nakuonea huruma, uchukie."

"Ningechukia," alisema Norman. "Kidogo."

"Na klipu nitaweka mimi."

"Nikitazama."

"Ukitazama na kutukana, kama zamani."

Kazi iliwachukua wiki tano. Injini ya zamani ikaletwa gereji, bloku ikachongwa, kranki ikanolewa, sanduku likafunguliwa juu ya benchi la dirishani. Norman alikuja na basi kila asubuhi, na mkate wenye jibini na kitunguu kwenye karatasi. Alipima kila pengo kwa vyuma vyembamba kama jani, na pale Clive aliposema panatosha, yeye alisema pima tena, na mara mbili kati ya tatu alikuwa sahihi. Siku nyingine vidonge vilikawia kufanya kazi, akakaa tu kitini mkono ukimdunda pajani, na Clive akaendelea na magari ya watu bila kumsemesha. Siku moja alidondosha beringi mpya sakafuni ikaharibika, akatoka nje akasimama chini ya daraja mpaka treni mbili zikapita. Aliporudi alikuta Clive ameshaagiza nyingine. Klipu zote nane aliziweka Clive, moja moja, tik, na kila moja Norman aliinama akaikagua kama polisi wa mpakani.

Siku ya kufunga mfuniko wa cheni, Doreen alikuja. Norman alitoa vile vyuma vyake vya herufi kwenye kijaluba cha tumbaku. Sahani ilikuwa imeoshwa, alama tatu zinang'aa, na ile D ya Doreen imelala chali vilevile. Norman alishika chuma cha N, lakini hakikukaa, kilicheza juu ya sahani. Akakitazama. Kisha akampa Clive akishike, na yeye mwenyewe akachukua nyundo. Mkono uliposhika mpini ukatulia. Akagonga. Herufi ya kwanza ilikaa sawa, ya pili ikaenda mshazari, na tarakimu zikapanda kilima.

"Niifute turudie?" aliuliza Clive.

"Iache," alisema Norman. "Atakayefungua baada yetu ajue ilikuwaje." Akachambua ndani ya kijaluba, akatoa C, akatoa H, akamsukumia Clive pamoja na nyundo. "Sasa weka za kwako."

Clive alizigonga pembeni ya zile za mshazari, moja, mbili. Doreen alishika taa, ingawa dirisha lilikuwa na mwanga wa kutosha. Mfuniko ukafungwa, nati zikakazwa, na Norman akazikagua mara ya mwisho kwa kidole.

Clive akapangusa mikono akaelekea kwenye birika. "Chai, Norm?"

"Ndiyo," alisema Norman, mwenzake hata hajamaliza kutamka. "Nijazie nusu. Mkono huu unamwaga."